Kungwi Hana Hadhira

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi, kati ya ratiba ya mabasi na karatasi ya kutukumbusha kukata kucha. Lilisema kwa Kiingereza kwamba hoteli itafanya sherehe ya bustanini Ijumaa ya wiki ya pili, na kwamba wasanii wa Kiafrika waliochaguliwa ni hawa wafuatao. Majina yalikuwa manane. La tatu lilikuwa langu, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

Niseme mapema kwamba hasira yangu haijapoa. Watu wananiambia yaliyopita si ndwele. Kwangu ni ndwele, tena bado inauma, na nitaieleza nikiwa nayo hivyohivyo.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa nne Doha. Mji mzima ulikuwa unachimbwa, barabara uliyopita leo kesho unaikuta imezibwa kwa mabati, na basi la kampuni lililotutoa Al Wukair tulikolala lilikuwa linabadili njia kila wiki. Nilikuwa dobi. Mashuka ya hoteli nzima yalishuka kwetu chini, kwenye ghorofa isiyo na dirisha, na sisi tukayafua, tukayapiga pasi, tukayarudisha juu kwa watu tusiowaona. Nilikuwa na tabia ya kuimba nikiwa kwenye pasi ya mvuke. Nyimbo za harusi tu, za kumtania bwana harusi na mama yake. Meneja wa karamu, ambaye sote tulimwita mudiri, alipita siku moja akasimama mlangoni akanisikiliza. Nilidhani anakagua mashuka.

Mimi mwaka ule sikutaka kitu kingine duniani ila likizo ya Desemba. Kwetu Lindi mtoto wa kaka yangu alikuwa amevunja ungo, na shule zikifungwa alikuwa anaingizwa ndani kuchezwa unyago. Mimi ndiye niliyekuwa nimewekwa kumfunda. Si kwamba nilijipendekeza. Bibi yangu mzaa baba alikuwa kungwi, na miezi michache kabla hajafa alimchukua yule mtoto, hata meno hajaota, akamweka mapajani mwangu mbele ya wanawake wote wa ukoo. Akasema, "Huyu wako. Wewe ndiye utakayemcheza." Mimi sina mtoto wa kuzaa. Nilimpokea, na nyimbo za bibi nilikuwa nimeshazipokea, moja moja, kwa miaka, mlango ukiwa umefungwa na watoto wa kiume wamefukuzwa mpaka mtaa wa pili. Nyingine nilizijua mimi peke yangu, kwa sababu bibi alikuwa mchoyo wa nyimbo kama wengine walivyo wachoyo wa chumvi.

Sasa rudi kwenye tangazo. Neno lenyewe, wasanii, ndilo lililoanza kunichefua. Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anatupangia majina hayo ubaoni kama mtu anayepanga vyungu. Malenga anatunga mashairi. Mghani anayaghani. Manju anaongoza ngoma na nyimbo zote ziko kichwani mwake. Mtambaji anatamba hadithi. Mwigizaji anajifanya mtu asiyekuwa yeye, na mtumbuizaji anawaliwaza watu kwa sauti. Wote hao, akasema, ni fanani, na fanani hawezi kuwa fanani bila hadhira, yaani watu waliokaa wakamtazama na kumsikiliza. Halafu zikaja redio na video, wote wakatiwa gunia moja wakaitwa wasanii. Mtaani neno likapata ukurutu zaidi. Mtu akikuahidi cherehani akakuletea maneno, unamwambia aache usanii.

Nilimuuliza yule mwalimu mbele ya darasa, "Na kungwi je, mwalimu, ni fanani?" Bibi alikuwa anaimba, anacheza, anaigiza mume mlevi mpaka wanawake wanashika mbavu, kwa hiyo kwangu lilikuwa swali la haki. Mwalimu akashusha chaki. "Hilo usiniulize mimi mwanamume," akasema, na darasa likaangua kicheko. Jibu nililipata mwenyewe baadaye. Kungwi hana hadhira. Kule ndani hakuna aliyekaa kutazama. Yupo anayechezwa na wapo wanaomcheza, basi, na mtu wa tatu hayupo.

Nilikuwa naishi na wenzangu watano chumba kimoja. Wa kitanda cha chini yangu alikuwa Mkenya wa Nakuru, mlokole, anasafisha vyumba ghorofa ya tisa, na moyo wake mzuri kuliko akili yake. Ndiye aliyeniletea habari ya tangazo akiwa anacheka.

"Wee, umewekwa kwa list! Sasa wewe ni msanii official," akasema.

"Msanii mama yako."

"Aki usikasirike. Enda tu ucheze, mudiri akufurahie, akusaidie na ile likizo. Si uliniambia form yako imekwama kwa ofisi?"

Alikuwa amesema kweli. Fomu yangu ya likizo ilikuwa na wiki sita kwenye meza ya ofisi ya wafanyakazi, haijasainiwa wala kukataliwa. Nilipokwenda kwa mudiri kumwambia kwamba mimi ni dobi na si mchezaji, hakunigombeza. Alitabasamu. Akasema anaelewa, akasema Desemba ni mwezi mgumu kwa hoteli, wageni wengi, wafanyakazi wachache, lakini yeye huwa anawasemea wasanii wake. Alisema wasanii wangu, kama mtu anayesema mbuzi wangu. Nikatoka pale nimeelewa vizuri sana. Nisipocheza, siendi kwetu.

Tukafanya mazoezi kwenye ghala la viti. Tulikuwa wanane: wanne Wakenya, watatu Waganda, na mimi. Mganda mmoja mlinzi ndiye alikuwa mpiga ngoma, na ngoma yenyewe ilikuwa pipa la plastiki la sabuni ya dobi nililolibeba mimi. Alikuwa mpigaji wa kanisani kwao, mkono wake mzuri ajabu, pipa lile lilikuwa linasema. Tukachagua wimbo wa harusi wa pwani na wimbo mmoja wa mavuno waliokuja nao Wakenya. Tulipovaa kanga tukapendeza. Nakumbuka tuliangaliana tukacheka wenyewe, maana tulikuwa tumezoea kuonana kwenye sare za kijivu.

Mudiri akaja siku ya tatu kututazama. Akakunja mikono. "Hii inafanana na harusi," akasema.

"Ni ya harusi," nikamwambia.

"Sitaki harusi. Nataka Afrika. Rukeni. Pigeni kelele." Akamwita msaidizi wake, na msaidizi akaja na sanduku. Ndani mlikuwa na sketi za nyuzi za plastiki, bado zina lebo za dukani, na vitambaa vya madoadoa ya chui. Yule mlinzi Mganda, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, alishikilia sketi yake mkononi muda mrefu. Halafu akaivaa juu ya suruali. Sijasahau alivyofunga ile kamba kiunoni, taratibu, akihakikisha fundo halitafunguka.

Ijumaa ikafika. Ilikuwa baada ya Asri, majira yale ambayo Doha hewa yake inakaa vizuri, na bustani ilikuwa imejaa. Viti vyeupe, kanzu nyeupe, Wazungu wa suti, familia zilizokuja kula. Tulikuwa wa mwisho kwenye orodha, baada ya mtu wa kurusha ndege kipanga. Tulipokuwa tumesimama nyuma ya pazia mudiri akaja tena, ananukia udi, akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu sahani. Akasimama mbele yangu. "Wewe mwenye sauti," akasema. "Leo nataka kitu cha kweli. Si zile za harusi. Kitu cha asili kabisa. Unacho?"

Ningeweza kusema sina. Kila nikikumbuka, mdomo wangu unalitafuta hilo neno moja, sina, na ningekuwa nimemaliza. Lakini nilikuwa nimevaa plastiki kiunoni, na mtu aliyenivalisha plastiki alikuwa ananiuliza kama nina cha kweli. Damu ikanipanda. Nikajisemea, anataka cha kweli, nitampa cha kweli mpaka kimkwame.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo, na si wangu peke yangu, ni ujinga wa sisi watu wa Tanzania Bara wote. Nilivitazama viti vile nikasema moyoni, nani hapa anajua Kiswahili? Sisi wa Tanganyika tunadhani lugha inaishia mwisho wa mchanga wetu. Nimekaa Ghuba miaka minne, nimesikia mara ngapi wazee wa Kiomani sokoni wakibishania bei ya nazi kwa Kiswahili cha Unguja, tena safi kuliko changu. Nilijua. Siku ile nikasahau, kwa sababu hasira ikitaka kufanya jambo huwa inakusahaulisha unayoyajua.

Nikamwambia mpiga pipa anishikie mapigo ya polepole. Nikaimba wimbo wa ndani. Si ule mwepesi ambao siku hizi watu wanaupiga hata kwenye harusi, wala sizungumzii waliozipeleka nyimbo za namna hiyo jukwaani, hao na makungwi wao. Niliimba ule wa bibi, unaoimbwa mwali akiwa amekalishwa chini na kungwi anamzunguka. Maneno yake sitayaandika hapa. Nimeshayatoa mara moja.

Niliimba na vitendo vyake. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba nilifurahi. Sauti ilitoka kama haijawahi kukaa kwenye mvuke wa dobi hata siku moja. Mganda wa watu alinifuata kana kwamba amezaliwa Lindi. Plastiki kiunoni niliisahau. Nilipomaliza, wakapiga makofi, wengine wamesimama, mudiri amenyoosha dole gumba. Bibi yangu hakuwahi kupigiwa makofi maisha yake yote.

Tulikuwa tunashuka jukwaani pale bibi mmoja aliponizuia njia. Alikuwa amevaa abaya nyeusi ya heshima, ameshika mkono wa mjukuu wake. Nilidhani anataka kupiga picha.

"Wewe wa wapi?" akaniuliza. Kiswahili cha Unguja, sauti ya chini.

"Lindi, bibi. Shikamoo."

Hakuitikia. Mtu mzima kukataa shikamoo yako, anayejua anajua. "Kwenu siku hizi hizi nyimbo mnazitoa uwanjani?"

"Hapana, bibi."

"Basi nani kakuruhusu? Mimi nimekaa na mwanangu wa kiume hapa, na mkwe wangu wa kiume huku. Nimeinamisha uso mpaka umemaliza." Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye ile sketi. "Nyanya yako yu hai?"

"Amekufa."

"Afadhali," akasema, akaondoka na mjukuu wake.

Nilikwenda kukaa dobini juu ya magunia ya mashuka machafu, na sketi yangu, mpaka basi likaja. Nilikuwa namlaani mudiri. Nilikuwa namlaani yule bibi pia, kwa nini aje kula pale, kwa nini asikae kwao. Ukikosa, hasira inatafuta kila mtu kabla haijarudi nyumbani.

Nilidhani yameishia hapo. Sikujua kwamba yule rafiki yangu wa Nakuru alikuwa amepewa kazi ya kupanga glasi bustanini, na simu yake ilikuwa mkononi. Alinirekodi mwanzo hadi mwisho. Akairusha kwenye kundi la chumba chetu, mwenzetu mmoja wa Tanga akairusha kwenye kundi la Watanzania wa Doha, na chini yake akaandika "msanii wetu" na vichwa vinavyocheka. Kutoka pale sijui ilipita kwa nani. Ilichukua siku tatu kufika Lindi.

Kaka yangu alipiga simu nikiwa kwenye basi.

"Umefanya nini wewe?" akasema. Hakusalimia.

"Umeiona?"

"Sijaiona, na sitaiona. Mimi mwanamume. Lakini vijana kijiweni wanaiimba."

Basi zima lilikuwa limelala, vichwa vimeegemea vioo.

"Kungwi mkuu amewaita wanawake wamekaa," akaendelea. "Wamesema hutamcheza mtoto. Amewekwa mwingine."

"Waambie nitatoa faini. Kuku, kaniki, chochote wanachotaka."

"Nimewaambia. Kungwi amesema aliyeyatoa nje hawezi kuyaingiza ndani. Basi, dada. Mimi nifanyeje?"

Siku hiyohiyo nilipoingia chumbani nilimrukia Mnakuru wa watu. Nilimwita majina ambayo nayaonea haya. Alilia, mikono kichwani. "Nilitaka tu watu wakuone, dadangu," alikuwa anarudia. "Uliimba poa sana. Nilitaka wakuone." Na hilo ndilo lilikuwa kosa lote, la kwake na la kwangu, lakini siku ile sikuweza kuliona. Tulikaa wiki tatu bila kusemeshana, kitanda cha juu na cha chini, kila mmoja anamsikia mwenzake anavyopumua.

Kuhusu wale wanawake wa kwetu nina neno pia. Waliitazama wote. Aliyonificha kaka, wifi yangu alinisimulia. Walikaa barazani na simu moja, wakairudia na kuirudia, na mmoja akasema kumbe ule wimbo wa marehemu huimbwa hivi. Walijifunza kutoka kwenye ile video wimbo ambao bibi aliwanyima, halafu wakanihukumu mimi kwa kuutoa. Hawakukosea kunihukumu. Nilikosa, nakiri. Lakini wangefumba macho basi angalau.

Na likizo? Mudiri aliisaini mwenyewe, ndani ya siku mbili, mtu wa kutimiza ahadi. Aliniletea fomu dobini kwa mkono wake. Akaniambia nirudi mapema, Februari kuna sherehe nyingine. "Msanii wangu," akasema.

Nilikwenda. Ningefanyaje, tiketi ilikuwa imeshakatwa, na mtoto ni wetu. Siku ya kumwingiza ndani niliamka mapema nikapika, nikachota maji, nikakata kuni, kazi zote za nje nikazifanya mimi. Wanawake waliingia mmoja mmoja. Kungwi mkuu, mtu mfupi mwenye sauti kavu, aliyekuwa mwenzake bibi tangu usichana, alinikuta mlangoni na doti ya kanga mpya mkononi, zile nilizomnunulia mtoto. Alizipokea. "Kaa hapo nje mpaka tukuite," akasema, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, na watoto wa kiume waliofukuzwa wakinichungulia kutoka mtaa wa pili. Ngoma ikaanza ndani. Nikasikia nyimbo zote nilizozijua zinapita. Ulipofika ule wa bibi, walikosea pale nilipokosea mimi jukwaani, maana kwa sababu ya furaha nilikuwa nimeruka mstari mmoja. Waliuruka na wao. Mstari ule sasa ninao mimi peke yangu. Nilisimama. Nilikuwa na hatua tatu kufika mlangoni, na nilikuwa na sauti. Halafu nikakumbuka niko nje, nikakaa tena. Hawakuniita.

Mwali alitolewa baada ya siku zake kutimia, amepakwa, ametandwa zile kanga, macho chini. Watu wakala, wakatawanyika. Jioni nilimpata peke yake nyuma ya nyumba, anasuuza kikombe. Alikuwa amekuwa mrefu. Kwenye simu, miaka yote ile, alikuwa ananiambia kila kitu, mwalimu aliyemchapa, rafiki aliyemnunia, ndoto alizoota.

Nikachuchumaa karibu yake. "Mwanangu," nikamwambia, "wamekufunda vizuri?"

"Vizuri, shangazi."

"Ule wa kuzunguka, ulipokalishwa chini. Walikuambia maana yake? Kuna mstari pale waliuruka. Niambie walichokufundisha, nikuongezee."

Akaacha kusuuza. Kwa heshima zote, hakuninyanyulia macho, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. Bibi angejivunia sana.

"Shangazi nisamehe," akasema. "Hayo hayasemwi nje."